Mgeni Asiyepewa Jembe: Nyumba ya Likizo katika La figlia oscura ya Elena Ferrante

Tulipoijadili riwaya hii darasani, mjadala uliisha mapema kuliko nilivyotarajia. Mwenzetu mmoja alisema Leda ni mama mbaya. Mwingine akasema ni mgonjwa. Wa tatu akasema Wazungu ndivyo walivyo, watu wakacheka, na muda ukawa umekwisha. Kuhusu mandhari tuliandika sentensi moja, kama tulivyozoea tangu sekondari: mandhari ya riwaya ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Italia, katika majira ya joto. Kisha tukapita kwenda kwa wahusika na dhamira.

Ni sentensi hiyo moja iliyonifanya niandike tahakiki hii. Naamini tuliruka mahali ambapo kisa chenyewe kimelala. Leda haishi tu "mjini pwani". Anaishi katika fleti aliyoipanga kwa likizo, amelipa, ana ufunguo, na karibu kila jambo kubwa analolifanya katika riwaya hii linawezekana kwa sababu ya ufunguo huo. Tukiisahau nyumba, hukumu ya "mama mbaya" inakuwa rahisi mno.

Kwa asiyeisoma, nieleze kwa ufupi. La figlia oscura ilitoka Italia mwaka 2006. Elena Ferrante ni jina la kubuni, na mwandishi mwenyewe hajapata kujitokeza hadharani. Kwa Kiingereza ilitafsiriwa na Ann Goldstein na kutoka mwaka 2008 kwa jina The Lost Daughter; kwa Kifaransa inaitwa Poupée volée, na hiyo ndiyo niliyoisoma mimi, kama wengi wetu huku. Mwaka 2021 Maggie Gyllenhaal aliigeuza kuwa filamu, nayo nitaigusa mbele. Msimulizi ni Leda, mhadhiri wa Kiingereza huko Florence, anayekaribia miaka 48. Ameachana na mumewe. Mabinti zake wawili, Bianca na Marta, ni watu wazima na wamehamia Toronto aliko baba yao. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hana wa kumpikia wala wa kumsubiri. Anapanga fleti katika mji wa ufukweni upande wa bahari ya Ionia, anajaza vitabu kwenye mabegi, anaondoka. Ufukweni anakutana na ukoo mkubwa wenye kelele kutoka Napoli, mji aliozaliwa yeye mwenyewe. Ndani ya ukoo huo wamo Nina, mama kijana, na bintiye mdogo Elena, anayecheza na mwanasesere. Siku moja Elena anapotea ufukweni. Leda ndiye anayempata na kumrudisha kwa mama yake. Lakini mwanasesere haonekani, kwa sababu Leda amemtia kwenye mkoba wake na kwenda naye nyumbani.

Nyumbani wapi? Hapo ndipo lugha yetu inapotusumbua. Kwa Kiswahili, mpangaji hana hadhi kubwa. Ukilisikia neno hilo unaona chumba kimoja, choo cha pamoja uani, na mwenye nyumba anayegonga mlango mwezi ukianza. Mpangaji hapigi msumari ukutani bila kuomba. Anayezijua nyua za Buyenzi, ambako wapangaji watano hugawana bomba moja, anajua pia kwamba mpangaji hana siri: jirani anajua umepika nini na umelala saa ngapi. Kwa hiyo tunaposoma kwamba Leda "alipanga nyumba", tunampunguza bila kukusudia. Tunamwona mtu asiye na pa kukaa, ilhali ana pake Florence. Halipi ili apate paa la kulala chini yake. Analipa apate mahali pasipomjua, ambapo hakuna kiti kinachomkumbusha mume wala mlango ambao watoto wake waliwahi kuubamiza.

Wahenga walituachia methali ya mgeni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina sheria nzima ndani yake. Mgeni halipi fedha, lakini halipi kwa muda tu. Siku ya tatu anaingia katika kazi za nyumba na katika mambo ya nyumba. Anaanza kuulizwa maswali, anatumwa sokoni, anapewa mtoto ambebe. Tunazijua basi hadhi mbili: mgeni ambaye atapewa jembe, na mpangaji aliye chini ya mwenye nyumba. Leda ni mtu wa hadhi ya tatu, ambayo Kiswahili chetu cha kila siku hakijaizoea. Amepokewa kama mgeni, amelipa kama mpangaji, na jembe hatapewa kamwe. Fedha aliyotoa ndiyo iliyolinunua jembe lenyewe na kulifungia stoo.

Tazama anavyopokewa. Anafika jioni. Mtunza nyumba, Giovanni, mzee, anang'ang'ania kumbebea mabegi yaliyojaa vitabu mpaka juu, pumzi zikimpaa. Anamwonyesha vyumba, anaondoka. Leda anabaki na sinia la matunda lililoandaliwa kwa ajili yake: tini, zabibu, pichi, yanang'aa kama matunda ya kuchorwa. Anapoyagusa anagundua kwamba upande wa chini yameoza. Anachukua kisu akate sehemu nyeusi, harufu inamshinda, karibu yote anayatupa. Usiku mwanga wa mnara wa taa unapita chumbani, na juu ya mto wa kulalia anakuta nyenje ameacha doa kwenye kitambaa.

Wasomaji wengi huyachukua matunda haya kama ishara ya Leda mwenyewe, au ya umama: mzuri kwa nje, umeoza kwa ndani. Sikatai, ingawa naona Ferrante hapa ametia chumvi kidogo. Matunda, kisha mdudu, kisha mwanga unaokuja na kuondoka, vyote katika usiku mmoja: msomaji anavutwa sikio aone kuwa kuna jambo. Ninachokiona mimi katika sinia lile ni kitu cha kawaida zaidi, na kwa hiyo kinaniuma zaidi. Matunda yale ni ukaribisho uliolipiwa. Mwenyeji wa kweli huketi na mgeni wake, humenya tunda naye, na tunda likiwa limeoza wote wawili huliona, mwenyeji huona aibu, mtoto hutumwa dukani. Leda yuko peke yake na kisu. Hana wa kumlalamikia na hana wa kumwonea haya. Hilo ndilo alilolilipia, yaani kukaa mahali ambapo hakuna anayemtazama akila, na sinia lile linamwonyesha usiku wa kwanza kabisa kwamba mahali hapo pana uozo ambao hakuna atakayeukagua zaidi yake. Baadaye atakapoficha mwanasesere katika nyumba hiyohiyo, tutakumbuka.

Ufukweni kuna sehemu nyingine ya upangaji ambayo msomaji wa huku anaweza kuipita bila kuiona. Italia, ufukwe ni mali ya dola, lakini sehemu kubwa hukabidhiwa wafanyabiashara kwa vibali. Wao hupanga miavuli na vitanda kwa safu, na mteja hulipia mwavuli wake kwa siku au kwa msimu. Gino, kijana mwanafunzi wa sheria anayefanya kazi pale ufukweni, ndiye anayemwonyesha Leda mahali pake. Kwa hiyo hata kivuli anachokaa Leda amekipanga. Ukoo wa Napoli unapoongezeka na kutaka wote wakae pamoja, wanawaomba wateja wengine wahame waende miavuli ya pembeni. Wengi wanakubali. Leda anakataa.

Darasani tulikiita kitendo hiki kiburi. Kisheria ni haki yake: amelipia mahali pale. Kwa utu wa kawaida ni jambo dogo, kuinuka na kusogea hatua kumi. Riwaya inakaa katikati ya mambo hayo mawili na haituambii tusimame wapi. Mimi naona kwamba kinachogongana hapa ni namna mbili za kuwa na mahali. Ukoo ule una mahali kwa sababu ni wengi, wanajuana, wanakuja pamoja, sauti zao zinajaza ufukwe. Leda ana mahali kwa sababu ana risiti. Rosaria, mjamzito aliyekuja kuomba, hawezi kuelewa jinsi mtu mmoja anavyoweza kushika nafasi dhidi ya watu ishirini. Leda naye hawezi kusema kinachomfanya akatae. Siku hiyohiyo, akirudi kwa miguu chini ya misonobari, tunda gumu la msonobari linampiga mgongoni kwa nguvu. Limeanguka lenyewe au limerushwa? Hajui, nasi hatujui. Nyumba ameilipia, mwavuli ameulipia, lakini njia ya kutoka kwenye mwavuli kwenda kwenye nyumba ni ya watu wote.

Ni nini kinachomfanya akatae? Jibu limo katika lugha, na ndiyo maana riwaya hii ingetufaa sana sisi tunaosoma isimujamii. Ukoo ule unazungumza lahaja ya Napoli. Leda aliikimbia lahaja hiyo alipokwenda kusoma Florence, akajifunza Kiitaliano sanifu, kisha Kiingereza, mpaka ikawa kazi yake. Anapowasikia ufukweni anawasikia wajomba zake, binamu zake na mama yake. Utotoni naye alikuwa akienda baharini na kundi la namna ile, kwa kelele zilezile na ubabe uleule. Mama yake alikuwa akiwatishia watoto kila alipokasirika kwamba ataondoka na hawatamwona tena. Hakuondoka hata siku moja. Leda ndiye aliyeondoka: aliwaacha Bianca na Marta kwa miaka 3 walipokuwa wadogo, akafuata kazi yake na mapenzi mapya, kisha akarudi.

Fleti ya likizo, basi, ni cheti cha safari hiyo yote. Binti wa Napoli aliyekuwa akibanana na ndugu zake mchangani sasa anarudi kusini akiwa mpangaji wa fleti nzima peke yake, na vitabu vyake. Na hapo hasa, mahali alipolipia ili asijulikane, anakutana na watu wanaomjua bila kuambiwa jina lake. Kuhamisha mwavuli kungekuwa kukubali kwamba bado ni wa kwao. Angekuwa amepewa jembe.

Sasa mwanasesere. Jina la Kifaransa, Poupée volée, linamtaja jaladani na kutuambia kwamba kaibiwa, kwa hiyo sisi tulioisoma kwa Kifaransa tuliujua wizi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Msomaji wa Kiingereza anasubiri binti aliyepotea. Jina la Kiitaliano ni gumu kuliko yote mawili, maana oscura ni giza na pia ni kutoeleweka: binti wa kivulini, binti asiyesomeka. Tafsiri ya Kiswahili siijui, na kama mmoja wetu ataifanya siku moja, atakesha juu ya jalada tu.

Lakini tafsiri ingekutana na jambo lingine zuri zaidi. Leda analikumbuka neno la Napoli la mwanasesere, mammuccia. Ndani ya neno hilo mna mama: mama mdogo, kimama. Kiswahili kinasema mwanasesere, na ndani yake mna mwana. Lugha mbili zimekitazama kitu kimoja kutoka pande mbili. Kwetu, mtoto anayebeba mwanasesere anabeba mtoto. Kwa Leda, mtoto anayebeba mammuccia anabeba mama. Tukisoma kwa Kiswahili peke yake tutasema Leda ameiba "mtoto" wa Elena, na wizi utaonekana kama tamaa ya mwanamke aliyekosa watoto wake. Tukilisikia neno la Napoli, tunaona amemwibia mtoto mama mdogo, wakati Nina, mama mkubwa, naye anapepesuka na anatamani kutoweka. Ndiyo maana Elena anaanza kuwa mkali kwa mama yake, anamganda, anaumwa, halali. Wenzangu waliosema "ni mwanasesere tu, wangemnunulia mwingine" hawakumsikiliza mtoto.

Leda aliwahi kuwa na mwanasesere wake wa utotoni, akampa Bianca. Bianca hakumjali, akamchorachora mwili mzima. Kwa hasira Leda akamtupa mwanasesere nje kutoka kwenye roshani, akatazama magari yakimpita juu. Hilo lilitokea katika nyumba ya familia, ambapo hasira ya mama ina mashahidi na mtoto atayabeba kumbukumbuni maisha yake yote. Katika fleti ya likizo mwanasesere mwingine anapata matunzo: Leda anamwosha, anamkamua maji machafu ya bahari tumboni, anamnunulia nguo, anamweka kabatini. Kila siku anajiambia atamrudisha, na kila siku anapata sababu ya kungoja. Haya yasingeweza kutokea Florence, wala katika ua wa Napoli wa utotoni. Nyumba yenye watu haifichi kitu kilichoibiwa kwa siku nyingi, kwa sababu mtu atafungua kabati akitafuta shuka. Fleti iliyolipiwa inafichika. Ufunguo mmoja, mtu mmoja, na muda ambao mwisho wake unajulikana.

Ninapofika kwenye ufunguo nafika mahali ninapopaona kuwa kilele cha riwaya, ingawa muhtasari mwingi unakimbilia pini ya kofia inayofuata. Nina ana mume, Toni, anayekuja na kuondoka, na ana macho ya ukoo mzima mgongoni. Amependana na Gino. Hawana pa kukutana. Gino ndiye anayefikisha ombi kwa Leda: je, angewaachia fleti yake kwa saa chache?

Fikirini ombi hilo. Nina haombi fedha wala ushauri. Anaomba kidogo cha kilekile alichokilipia Leda kwa msimu mzima: mlango unaofungwa, saa mbili ambamo yeye si mama wa Elena wala mke wa Toni. Leda anakubali. Nina anapokuja kuchukua ufunguo, Leda anamtoa pia mwanasesere, na kukiri kwamba muda wote alikuwa naye. Anapoulizwa sababu hana jibu linalotosha. Nina anawaka, na ile pini ndefu ya kofia ambayo Leda alimpa kama zawadi anamchoma nayo ubavuni.

Kuna wanaosema Nina anamchoma kwa ajili ya mtoto wake aliyeteseka. Ni kweli, lakini naona kuna zaidi. Kwa dakika chache Nina aliamini kuwa amempata mwanamke mkubwa aliyetoka mahali pamoja naye na kufika mbali, anayeishi peke yake, anayesoma, na anayeweza kumpa ufunguo. Kisha anagundua kwamba nyumba hiyo aliyoitamani kama kimbilio ndiyo ilikuwa ghala la mateso ya nyumbani kwake. Uhuru aliotaka kuuazima ulikuwa umemweka kabatini mwanasesere aliyemnyima usingizi. Ufunguo na mwanasesere vinatoka mkono mmoja.

Kuna basi wanawake watatu na mlango mmoja. Mama yake Leda hakuwahi kuwa na mlango, alikuwa na vitisho tu vya kuondoka. Nina anaomba kuazimwa mlango kwa saa chache, kwa kupitia kijana wa ufukweni, kwa hofu. Leda anaulipia. Tuliposema "mama mbaya" tulizungumza kana kwamba wote watatu walisimama mbele ya uchaguzi mmoja, mmoja akachagua vibaya. Hawakusimama sawa. Mama aliyebaki Napoli akipiga kelele na binti aliyeondoka kwa miaka 3 huenda walikuwa na hamu ileile. Aliyekuwa na mshahara aliitimiza. Simtetei Leda. Alimtazama mtoto akilia na akanyamaza, na hakuna kodi inayolipia jambo hilo. Ninachosema ni kwamba tahakiki inayopima tabia ya mwanamke bila kuuliza amelala wapi na nani kalipa ni tahakiki nusu, na sisi tuliandika nusu hiyo.

Filamu ya Gyllenhaal inalithibitisha hili kwa njia ambayo sidhani aliikusudia. Ni filamu nzuri. Olivia Colman anaitazama nyumba ile kama mtu anayesubiri kuitwa na sauti asiyoitaka, na tuzo ya mswada iliyoipata Venice mwaka 2021 naona ilistahili. Lakini mandhari yamehamishiwa kisiwa cha Ugiriki, na picha zilipigwa Spetses. Leda sasa ni Mwingereza wa Leeds anayefundisha Marekani. Ukoo wa kelele unatoka Queens, New York, ingawa una asili ya Ugiriki. Giovanni amekuwa Lyle, Mmarekani aliyekaa kisiwani miaka mingi. Gino amekuwa Will, mwanafunzi kutoka Ireland.

Hesabu hiyo inaniuma. Katika riwaya Leda anakataa kuhamisha mwavuli wake kwa sababu anawasikia mama na wajomba zake. Katika filamu anawakatalia wageni wasiomhusu, na kitendo kilekile kinakuwa ukaidi wa mtalii dhidi ya watalii wengine. Lahaja imetoka, na mshipa uliounganisha fleti na utoto umekatwa. Tena, Mgiriki wa kisiwani mwenye neno zito katika kisa hayupo. Kisiwa kipo kwa ajili ya mwanga, maji, na mawe ya njiani. Filamu imeipanga Ugiriki jinsi Leda alivyoipanga fleti: imelipa, imepewa ufunguo, haikuulizwa swali. Kama mtu atanijibu kwamba sanaa ina haki ya kuhama, nakubali, lakini aniambie nani katika filamu ile ana haki ya kumpa Leda jembe.

Hata riwaya yenyewe haijasalimika hapa. Giovanni ananisumbua. Anabeba mabegi, anatokea na kitoweo kutoka baharini na kukipika jikoni mwa fleti, anakaa karibu na Leda mbele ya wenzake ili wadhani kuna jambo kati yao. Leda anamwona kama mzee wa kuchekesha na wa kuhurumiwa kidogo, na Ferrante anamwacha hapohapo. Yeye ndiye mtu pekee ambaye angeweza kutuambia nyumba hii ni nini mwaka mzima: nani alilala kwenye mto ule mwaka jana, nani aliwahi kulalamika kuhusu matunda, milango hufungwa lini majira yakiisha na mji unakuwaje ukibaki na wenyewe. Riwaya inayomchimba mpangaji mpaka mfupa haina subira ya ukurasa mmoja kwa mtunza nyumba. Mtu anaweza kusema ni nafsi ya kwanza, tunaona anachokiona Leda, na Leda hamwoni. Sawa, lakini Leda anawaona Nina, Rosaria, Elena na hata mume wa mtu kwa undani wa kutisha. Upofu wake kwa Giovanni una sababu, na sababu hiyo imo ndani ya bei ya fleti. Ningependa riwaya ionyeshe kwamba inaijua. Mara mbili nilidhani inaijua, mara moja pale kwenye ngazi na pumzi za mzee, na nyingine kwenye harufu ya chakula chake jikoni, na mara zote mbili ikageuka kurudi ndani ya kichwa cha Leda.

Sura za mwisho zinamkuta Leda bado mle ndani, jeraha ubavuni, akifunga mizigo kabla ya wakati wake kwisha. Simu inalia. Ni Bianca na Marta kutoka Toronto, wanalalamika kwamba amekaa kimya mno na wanataka kujua kama yu hai. Anawajibu kwa utani unaotisha, akiwa amesimama katikati ya vyumba ambavyo wao hawajapata kuviona. Riwaya inaishia kwenye simu hiyo, na ilianza na kinachofuata baada yake: Leda peke yake ndani ya gari, maumivu upande wa kushoto, barabara ya kurudi kaskazini, kisha kitanda cha hospitali na marafiki wanaoamini kwamba alisinzia tu kwenye usukani.